Utomvu kwenye Mlango wa Dereva

Aliyeanza kunisoma leo nitamweleza kwa maneno machache, maana hata mimi nimechoka kuyarudia.

Mume wangu Omanga alikuwa dereva wa Mzee Suleman, mwenye duka la rangi na vyuma mjini Homa Bay. Aliugua akiwa nyumbani kwetu Ndhiwa, akakimbizwa hospitali kwa gari la jirani, na aliporudi alikuwa ndani ya sanduku. Gari la Mzee Suleman likabaki palepale alipoliegesha mwenyewe, chini ya miti ya saipresi iliyozunguka boma.

Lilikaa hapo matanga yote. Wazee wa ukoo walikataza lisisogezwe wala lisioshwe mpaka mjane anyolewe na boma lifunguliwe, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichokishika marehemu akiwa na nguvu zake. Mzee Suleman ni Mwislamu na mila zetu si zake, lakini hakulalamika. "Hata sisi tuna eda," aliniambia kwenye simu. "Msiba una heshima yake, mama Joyline. Nitangoja."

Juma lililopita nilisimulia jinsi wazee walivyosema basi, yamekwisha, na jinsi shemeji yangu Elvis alivyougandia ufunguo mpaka mama mkwe akautoa mfukoni mwake kwa mkono wake mwenyewe. Nikawaacha nikiwa nimesimama mbele ya gari, mchana kweupe, nikiona kilichofanyika wakati sisi tulipokuwa tukilia.

Lilikuwa limeota magamba.

Utomvu wa saipresi ulikuwa umedondoka kwenye paa, kwenye boneti na kwenye milango, ukakauka kama gundi ya fundi viatu. Vumbi lilikuwa limenasa juu ya utomvu, na vijani vikanasa juu ya vumbi. Ile buluu iliyokoza ambayo Omanga alikuwa akiifuta kila asubuhi kama mtu anayemnawisha mtoto uso, sasa ilikuwa na madoa kama ndui.

Na simu ya Mzee Suleman ilikuwa imeingia asubuhi hiyohiyo.

"Mama Joyline, kesho ni harusi ya binti yangu Tima. Atapelekwa kwa gari lile. Omanga alipata kuniambia kwamba wewe unaendesha vizuri, tena una leseni. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee."

"Basi nililetee leo, likiwa safi. Nikiridhika, kiti chake ni chako."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Mlioniandikia mkisema nina moyo wa chuma, hamjanijua.

Kwa mjane wa huku, kiti kile si cha gari tu. Bila kazi yangu mwenyewe ningekuwa na njia mbili: nirudi Rongo kwa kaka zangu na binti yangu Joyline mkononi, nikae kama mgeni kwa wake zao, au nibaki Ndhiwa chini ya mkono wa Elvis, ambaye tayari alikuwa ameanza kuniuliza chakula kiko wapi kwa sauti ya mwenye nyumba.

Elvis naye alikitaka kiti hicho. Alikuwa amekiomba kwenye mazishi, kaburi likiwa bado halijafunikwa.

*

"Shem, hiyo haitoki," Elvis alisema. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akitafuna muwa. "Hapo ni petroli tu. Ama niachie nipige na msasa."

"Petroli inakula rangi."

"Nani amekuambia?"

"Kaka yako."

Akatema makapi. "Kaka alikuwa anasema mambo mengi."

"Na wewe unakula mengi. Tafuna muwa wako."

"Mimi nauliza tu. Wapi umeona bibi arusi akipelekwa na mjane? Tena mwenye kichwa kimenyolewa juzi? Watu wa Homa Bay watasema nini?"

"Watasema amefika."

Mama mkwe, mama Milka, alicheka akiwa jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tuzike.

Nililiendesha hadi kwenye kivuli cha nyumba, betri tukiwa tumeshaichajisha sokoni. Omanga hakuwahi kugusa utomvu gari likiwa juani. Bati likipata moto, alisema, unachosugua kinakuwa supu na rangi inakuwa nyama yake. Nikaliosha kwanza kwa maji mengi na sabuni, ili vumbi litoke kabla halijawa msasa chini ya kitambaa changu. Kisha nikachovya fulana kuukuu kwenye maji ya moto, nikaikamua, nikailaza juu ya doa la kwanza. Nikangoja. Doa likilegea, nililipaka mafuta ya kupikia, nikangoja tena.

"Utomvu haupigwi vita, Nyar Rongo," alikuwa akiniambia. Nyar Rongo ni binti wa Rongo, ndivyo alivyoniita kwa sababu nilizaliwa huko. "Utomvu unabembelezwa. Ukitumia kucha, umekushinda. Ukitumia kisu, umekushinda wewe na mwenye gari."

Madoa sugu niliyawekea pamba iliyoloweshwa spiriti, ile wanayofutia kabla ya kudunga sindano. Sikusugua. Niliikandamiza tu, nikahesabu pumzi, nikaivuta taratibu. Utomvu ulikuja nayo, mweusi, mnene, ukiwa na harufu ya krismasi. Chini yake buluu ilikuwa nzima, bila mkwaruzo.

Nakiri jambo hapa, kwa kuwa nilianza kuandika haya ili nisisahau lolote, hata yasiyonipendeza. Saa zile nilizokuwa nikibembeleza utomvu sikuwa na huzuni. Mikono ilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa yake, na nilikuwa nikimjibu moyoni kama zamani. Nilijikuta nikiimba. Nilipojisikia nikaona aibu, nikanyamaza.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya gari. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mama Milka alikuwa amechuchumaa kwenye bampa na kipande cha waya wa kusugulia na kopo la majivu. Huo ndio waya uliosugua sufuria zote za matanga.

"Mama, hapana."

"Nakusaidia."

"Mama, tafadhali. Acha."

"Sufuria za watu zilikuwa nyeusi kuliko hii. Zote zilirudi kwao ziking'aa. Nani alilalamika?"

Nilimshika mkono. Kwenye bampa palikuwa na duara la mikwaruzo, jeupe, kubwa kama sahani ya chai.

"Gari lina ngozi, mama. Sufuria haina."

Alilitazama lile duara. Akatazama waya. "Alikuwa analifuta mpaka ninaona meno yangu humo," alisema. "Nilitaka nione tena."

Akaketi kwenye nyasi, majivu mikononi. Nikaketi naye kidogo. Elvis aligeuza uso upande wa barabara. Baadaye nililipaka lile duara nta mara mbili, na ukisimama mbali hukuliona sana.

*

Mlango wa dereva niliuacha mwisho. Doa la hapo lilikuwa kubwa kuliko yote, chini kidogo ya kishikio, ambapo utomvu wa tawi lililovunjika ulikuwa ukidondokea moja kwa moja. Nikalaza fulana ya moto. Nikapaka mafuta. Nikangoja kuliko nilivyongoja popote.

Nilipovuta, kitambaa kilikuja na buluu.

Nilidhani ni kivuli. Nikakigeuza. Buluu.

Nikaweka kidole kimoja pembeni ya doa, taratibu kabisa, na kipande cha rangi kikabanduka chenyewe, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kingine kikafuata. Sikuwa nimesugua. Naapa mbele ya kaburi lake, sikuwa nimesugua.

Chini ya rangi hapakuwa na bati. Palikuwa na kitu cha kijivu, kikavu kama chaki.

"Umeua gari," Elvis alisema juu ya bega langu.

Kabla sijageuka, simu yake ilikuwa imeshapiga picha.

"Unafanya nini?"

"Nimeshatuma."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye mali. Si ni vizuri ajue mapema? Asije akaona kesho mbele ya wageni." Alikuwa akitabasamu. "Pole, shem. Kuna kazi si za akina mama."

Kisha tabasamu likapungua. Alikuwa ameona kile kijivu. Akainama, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, juu, kisha chini. Juu palilia. Chini palinyamaza.

"Hii ni pati," alisema polepole. Pati ndiyo mafundi huzibia mahali palipobonyea kabla ya kupaka rangi. "Hii mlango iligongwa. Ikanyooshwa, ikazibwa, ikapakwa." Akaniangalia. "Ni wewe. Kaka alikuwa anakufundisha na hii gari."

"Nilijifunzia uwanja wa shule. Sikugonga hata mbuzi."

"Basi ni yeye."

Nikakikunja kile kitambaa chenye buluu.

"Na kama ni yeye," Elvis aliendelea, na sasa hakuwa akinicheka, alikuwa akifikiri kwa sauti, "kwa nini hakusema? Alikuwa anatoka wapi? Alikuwa na nani ndani?"

Mama Milka alisema kutoka kwenye nyasi, "Elvis, mdomo."

"Mimi nauliza tu, mama. Kaka alikuwa mwanaume kama wengine."

Maneno hayo yaliniingia mahali ambapo hata kifo hakikuwa kimefika. Nilimzika mume niliyemjua. Sasa mlango wa gari ulikuwa ukiniambia kwamba kuna siku moja ya maisha yake ambayo hakunipa.

Elvis aliwasha pikipiki. "Kaka hakuwa anapeleka chuma kwa mtu mwingine. Ni Gichana tu, yule fundi wa Rongo. Nitaenda nimlete kwa Mzee Suleman mwenyewe. Leo itajulikana nani ni dereva hapa."

Akaondoka. Vumbi lake likatua juu ya boneti niliyokuwa nimeipaka nta.

Simu yangu ililia kabla sijalifuta.

"Nimeona picha," alisema Mzee Suleman.

"Mzee, nisikilize..."

"Lilete hivyo hivyo. Usiguse tena kitu."

*

Nilipoketi kwenye kiti cha dereva miguu yangu haikufika kwenye breki. Kiti kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya miguu yake. Asubuhi niliposogeza gari hadi kivulini nilikuwa nimejikunyata ukingoni mwa kiti ili nisikiguse. Sasa njia ilikuwa ndefu. Nikavuta kile chuma cha chini, kiti kikaja mbele, tak, na nikajua kwamba hakuna mtu mwingine duniani atakayejua kilikuwa kimekaa wapi.

Barabara yote nilimuuliza. Ulikuwa na nani? Niambie tu. Nimeshalia ya kutosha, sitaongeza.

Nyumbani kwa Mzee Suleman palikuwa na turubai, viti vya kukodi na harufu ya pilau. Wanawake walikuwa wakiimba ndani. Yeye alikuwa langoni, kanzu nyeupe, akanisalimu vizuri, akanipa pole ya msiba kwa mara nyingine, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mlango.

Alipitisha kiganja juu yake kama daktari.

"Nimeuza rangi tangu sijaota ndevu," alisema. "Hii si ya kiwandani. Ni ya kopo, na ilipulizwa siku yenye unyevu, ndiyo maana haikushika. Mafuta yako hayana kosa, mama. Hata utomvu hauna kosa. Umeng'oa kilichokuwa hakina mizizi."

Nikavuta pumzi. Mapema mno.

"Sasa niambie. Nani aliugonga?"

"Sijui, Mzee."

"Omanga alilala na gari hili nyumbani kwako."

"Alilala nalo. Lakini hilo hakuniambia."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa kama mimi, mtu aliyekuwa akimuuliza marehemu swali.

"Alikula mezani kwangu. Nilimwachia wanangu awapeleke shule, awarudishe. Angenigongea gari ningemwambia pole, chuma hununuliwa. Lakini alinificha, akaja kazini kesho yake akaniambia salaam aleikum, bosi." Akatazama chini. "Nyumba inayoficha siwezi kuiweka nyuma ya usukani wa watoto wangu. Kama kuna unalolijua, fikiri. Kaa pale kivulini, unywe chai. Nikitoka kuswali utanijibu. Ukikosa jibu, uniachie ufunguo, na hatutadaiana lawama."

*

Nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na matangi ya maji. Chai ililetwa. Sikuinywa.

"Mama Joyline."

Alikuwa Tima, bibi arusi. Alitoka kwa mlango wa jikoni akiwa ameinyoosha mikono mbele kama aliyebeba sinia lisiloonekana, hina mbichi kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko. Nilimjua tangu akiwa na sare ya shule, na baadaye alipokuwa akisoma chuo kule Rongo, kwa sababu Omanga ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha.

"Hongera, mwanangu."

"Usinipe hongera bado." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Macho yalikuwa mekundu. "Nimesikia mnaongea langoni. Ule mlango ni mimi."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilikuwa nimeenda kumuona mtu. Rongo. Si huyu anayenioa kesho. Ilikuwa zamani kidogo, na imekwisha, wallahi imekwisha. Nilimsumbua mzee Omanga aniachie gari nusu saa tu, yeye anywe soda sokoni. Aliniambia hapana, nikalia, akanipa. Nikarudi mlango umekunjika. Niligonga nguzo ya lango la watu."

"Naye alisema nini?"

"Aliuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana. Akauliza kama huyo mtu ameumia. Hapana. Akasema basi twende kwa fundi. Tulikaa kwenye benchi pamoja, mimi nikilia, yeye akininunulia ndizi. Nikamwapisha. Nikamwambia asimwambie baba, asimwambie hata mke wake." Akainamisha kichwa. "Hasa mke wake. Nilijua wanawake wanaongea."

Ningecheka, kama ningekuwa na nguvu.

Kwa hiyo hiyo ndiyo siku aliyoniibia. Alikuwa kwenye benchi Rongo, akimnunulia ndizi msichana wa watu aliyekuwa akilia. Niliikumbuka jioni yake. Alirudi akiwa kimya, nikamuuliza ana nini, akasema amechoka. Nikamwekea maji ya kuoga.

Nilimkasirikia. Nikiri na hilo. Nilimkasirikia kwa kunyamaza vizuri hivyo.

"Baba akijua hakuna harusi," Tima alisema. "Na upande wa pili wakijua, hakuna uso. Huyu wa kesho ni mtu mwema, mama. Nampenda. Sikulazimishwa."

"Unataka nini kwangu?"

"Usiseme."

"Nisiposema, mume wangu anabaki mtu wa kuficha, na mimi narudi Ndhiwa kwa mguu. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Unalijua, na bado unaniomba?"

Machozi yalimshuka, na hakuweza hata kuyafuta. Nikachukua ncha ya leso yangu, nikamfuta mimi. Tumbo langu lilikuwa limejaa ghadhabu, mkono wangu ukamfuta. Mambo hayo mawili hayakuzuiana, sijui kwa nini.

"Rudi ndani," nilimwambia. "Utaharibu hina."

Akaenda hadi barazani, akasimama hapo. Hakuweza kuingia.

Niliyapima yote nikiwa peke yangu na ile chai. Nikisema kweli, nitapata kiti, na Omanga atarudishiwa jina lake, na harusi itakufa leo. Nikinyamaza, Omanga atabaki mwongo kwa mtu aliyempenda. Yeye alikuwa ameapa. Kiapo cha mtu kikiishi kuliko yeye, nani anakilisha?

Kulikuwa na mlango wa tatu. Elvis ndiye aliyenionyesha bila kujua.

*

Mzee Suleman alitoka kuswali, akaja na kofia mkononi.

"Naam, mama."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyegonga. Omanga alikuwa akinifundisha, bila ruhusa yako. Niligonga nguzo. Alinificha mimi, Mzee, hakukuficha wewe. Alijua ungemwambia anifukuze kwenye usukani, na alitaka nipate leseni."

Uongo ule ulitoka laini, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Aliigeuza kofia mkononi. Barazani hakuna aliyesogea.

"Ungesema pale langoni."

"Niliogopa."

"Na mimi nilikuwa nakupa wanangu uwabebe." Akapumua. "Angalau sasa najua alificha kwa ajili ya mkewe. Hilo naweza kumsamehe. Mwanamume huficha kwa ajili ya mkewe." Akanyoosha mkono. "Lakini wewe, mama, siwezi. Lete ufunguo."

Niliutoa mfukoni. Ulikuwa bado na kile kipande cha ngozi Omanga alichokifunga ili usimpotee. Nikauweka kwenye kiganja chake. Nilijiambia imekwisha. Nitatembea hadi stendi, nitamwambia mama Milka, nitalala. Nilitaka kulala tu.

Pikipiki ikaingia langoni.

Elvis alikuwa mbele, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Nyuma yake alikaa mtu mnene mwenye ovaroli ya mafuta mafuta, akishika kofia isipeperuke.

"Mzee, nimeleta shahidi," Elvis alisema kabla hajaizima. "Huyu ni Gichana wa Rongo. Ndiye alinyoosha mlango. Aseme mbele yako ni nani alipeleka gari kwake."

"Umechelewa, kijana," alisema Mzee Suleman. "Shemeji yako amekwisha kukiri. Ni yeye aliyegonga."

Elvis alinitazama. Niliona furaha ikimjia, kisha niliona ikisita, kwa sababu ananijua. "Amekiri?"

"Si ulisema mwenyewe ni mimi," nilimwambia.

"Nilisema, lakini..."

Gichana alikuwa ameshuka. Alipangusa mikono kwenye ovaroli, akanisogelea, akaniangalia usoni kama mtu anayetafuta mahali pa kugonga.

"Mama huyu?" aliuliza. "Huyu simjui. Sijawahi kumuona karakana kwangu. Siku ile Omanga alikuja na..."

Macho yake yalikuwa yamepita bega langu, yamefika barazani.

Tima alikuwa amesimama pale, mikono mbele, hina mbichi. Mtandio ulikuwa umeteleza hadi mabegani na hakuweza kuuinua ajifunike uso.

Mzee Suleman hakugeuka. Bado.

"Alikuja na nani?" aliuliza.

Gichana alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa.